Kijana wetu ameshikwa na tiketi isiyofaa kwenye treni Uingereza: je, atafungwa?

Swali

Mpendwa mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Shella hapa Malindi, na nakuandikia nikiwa na dhiki ambayo bado sijamweleza mume wangu. Kijana wetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 20, yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kaskazini mwa Uingereza. Ili aende huko tuliuza sehemu ya shamba letu la minazi kule Mambrui, na wajomba zake wakachanga kilichobaki, kwa hiyo masomo yake ni amana ya ukoo mzima.

Mwezi uliopita alipanda treni kwenda mji mwingine kumtembelea mwenzake. Tiketi aliinunua kwa simu kwa bei ya punguzo, akitumia ile kadi ya vijana wa miaka 16 hadi 25 ambayo hupunguza thuluthi moja ya nauli. Njiani mkaguzi alimwomba aonyeshe kadi, na ikaonekana kwamba muda wake ulikuwa umekwisha wiki mbili kabla. Mwanangu anasema alijitolea kulipa tofauti papo hapo, lakini mkaguzi hakukubali, akaandika jina lake, anwani yake na majibu yake, akamwambia asubiri barua. Katika hofu ile alitaja anwani ya nyumba aliyokuwa akiishi mwaka jana. Nimemuuliza kwa nini, na jibu lake halitulii: mara anasema alichanganyikiwa, mara anasema aliona afadhali barua isimfikie.

Barua ilifika katika nyumba ile ya zamani na rafiki yake akampelekea. Kampuni ya treni inasema inafikiria kumshtaki kwa kukwepa nauli, inataja sheria ya mwaka 1889, na inamtaka aandike maelezo yake ndani ya siku 14, ambazo sasa zimebaki 9. Binamu yangu aliyewahi kuishi London anashauri asijibu kabisa, kwa kuwa anwani si yake na hawatampata. Mtu mwingine wa Mombasa, anayejiita wakala wa viza, anadai kwamba kwa shilingi 80,000 anaweza kulifuta jina lake kabla halijafika mahakamani.

Je, mwanangu atafungwa? Atafukuzwa nchini? Mdogo wake wa kike anataka kuomba viza ya masomo mwakani. Je, naye ataharibikiwa? Na nimwambie mume wangu au nisubiri? Tena sielewi jambo lenyewe lilivyotokea, maana sisi tulipopanda treni ya Miritini kwenda Nairobi tiketi na vitambulisho vilikaguliwa kabla hata hatujalifikia behewa.

Mama wa Shella, Malindi

Jibu

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nianze na jela, kwa sababu najua ndiyo inayokunyima usingizi. Sheria ya Uingereza inaruhusu kifungo kwa kosa la kukwepa nauli kwa makusudi, lakini kwa kijana asiye na makosa ya nyuma, aliyekuwa na tiketi mkononi na aliyejitolea kulipa tofauti, adhabu ya kutazamiwa ni faini na gharama endapo shauri litafika mahakamani na akapatikana na hatia. Linaloniogopesha katika barua yako ni ile anwani, na ushauri wa binamu yako, kuliko ile kadi iliyopitwa na wakati.

Umeuliza mtu anawezaje kuwa ndani ya treni na tiketi isiyofaa, na swali hilo linafaa kujibiwa mapema kwa kuwa linaeleza ukali wa sheria yenyewe. Katika reli yetu ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, abiria hukaguliwa kabla ya kupanda na tiketi yake hufungamana na kitambulisho chake. Uingereza ina vituo vingi, vingine vidogo visivyo na lango wala mtumishi, na abiria hupita moja kwa moja hadi kwenye treni. Anaponunua tiketi ya punguzo kwa simu, hakuna anayemdai kadi wakati huo. Hudaiwa baadaye, mkaguzi anapopita katika behewa. Kwa vile reli imemwamini abiria kwanza, sheria imemtwika yeye jukumu la kuhakikisha kwamba anachokibeba ni halali kabla hajakanyaga ndani, na tiketi ya punguzo isiyo na kadi hai huhesabiwa kuwa tiketi isiyofaa hata kama sehemu kubwa ya nauli ililipwa.

Abiria wa namna hiyo nchini England anaweza kukabiliwa na mambo ya uzito tofauti kabisa. Jepesi zaidi ni nauli ya adhabu, ambayo tangu Januari 2023 ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari yenyewe, na zile pauni 100 hupunguzwa kuwa 50 kwa anayelipa ndani ya siku 21. Hilo ni deni la kiraia, lina njia yake ya kukata rufaa, na halimfanyi mtu kuwa mhalifu. Mwanao hakupewa hiyo. Mkaguzi alichagua kuandika taarifa. Linalofuata kwa uzito ni kanuni za reli, ambazo kifungu chake cha 18 kinamtia hatiani mtu aliyeingia kwenye treni bila tiketi halali pasipo haja ya kuthibitisha kwamba alikusudia kudanganya, na faini yake inaweza kufika pauni 1,000, yaani zaidi ya shilingi 150,000 za kwetu. Zito kuliko yote ni ile Sheria ya Usimamizi wa Reli ya mwaka 1889 iliyotajwa katika barua yenu. Kifungu chake cha 5 kinamhusu mtu anayesafiri bila kulipa nauli yake kwa nia ya kuikwepa, na adhabu yake ni faini isiyozidi pauni 1,000 au kifungo kisichozidi miezi 3.

Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ndiyo roho ya shauri hili. Chini ya kanuni za reli, kusema "sikujua kadi imekwisha" hakumwokoi mtu. Chini ya sheria ya 1889, maneno hayo hayo, yakiwa ya kweli, yanaweza kuliangusha shtaka zima, kwa sababu ni lazima kampuni ithibitishe nia bila ya kuacha shaka ya maana. Kwa hiyo maelezo anayotakiwa kuandika katika siku hizi 9 si utaratibu wa ofisi tu. Yatasomwa na mtu anayetafuta jibu la swali moja: je, kijana huyu alikusudia?

Kabla hajaandika hata mstari mmoja, na afungue ile programu ya simu aliyonunulia tiketi aangalie safari zake zote tangu siku ambayo kadi ilikwisha. Kampuni nyingi hupitia historia ya manunuzi kabla ya kuamua kushtaki. Ikiwa ile ilikuwa safari ya kwanza baada ya kadi kwisha, hiyo ni hoja yenye nguvu kwamba alisahau, na nakala ya orodha hiyo iambatanishwe na barua. Ikiwa zipo nyingine, asije akaandika kwamba ilikuwa mara moja tu, kwa kuwa uongo huo ukigunduliwa utaligeuza kosa la kusahau kuwa ushahidi wa nia, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa ameuandika na kuutia sahihi.

Sasa anwani. Kifungu hicho hicho cha 5 kinalifanya kuwa kosa linalojitegemea, lenye adhabu ile ile, abiria aliyeshindwa kulipa nauli anapotoa jina au anwani ya uongo akiulizwa na mtumishi wa reli. Mtu aliyetaja nyumba ya zamani kwa kuchanganyikiwa na mtu aliyeitaja ili barua impotee hawalingani mbele ya sheria, na wewe mwenyewe umesema kwamba jibu la mwanao halitulii. Sitaki kumhukumu kijana aliyeshikwa na hofu katika nchi ya watu, lakini jambo hili asiliandike kabla ya kukaa na mtu anayeijua sheria. Vyama vingi vya wanafunzi katika vyuo vikuu vya huko vina ofisi ya ushauri ambayo haitozi pesa na ambayo mara nyingi haiko chini ya utawala wa chuo, na pia lipo shirika la Citizens Advice ambalo husaidia umma bure. Aende kesho, abebe barua na tiketi, aseme ukweli wote ikiwa ni pamoja na sehemu inayomwaibisha, kisha aulize namna ya kuirekebisha anwani kwa kampuni bila ya kujiongezea shtaka. Ninaloweza kusema bila kusita ni kwamba kampuni ipate anwani yake sahihi kutoka kwake mwenyewe, tena katika jibu hili la kwanza.

Hapo ndipo ushauri wa binamu yako unapokuwa wa hatari. Mashauri ya aina hii hayazimiki kwa kukaa kimya. Kampuni ina miezi 6 tangu siku ya kosa kulifikisha mahakamani, na makosa ya kanuni za reli yanaweza kuamuliwa kwa utaratibu wa hakimu mmoja, ambao hakimu, akisaidiwa na mshauri wa sheria, husoma karatasi na kutoa hukumu bila mtu yeyote kufika mbele yake. Mshtakiwa hutumiwa hati kwa posta na hupewa siku 21 za kukiri, kukanusha au kuomba kusikilizwa. Asipojibu, shauri huamuliwa bila ya sauti yake, hesabu ya faini hufanywa kwa kipato cha kukisiwa, anakosa nafuu ya hadi thuluthi moja wanayopewa wanaokiri mapema, na juu yake huongezwa nauli inayodaiwa, gharama za kampuni na tozo ya kuwasaidia wahanga wa uhalifu ambayo ni asilimia 40 ya faini. Fikiria hati hiyo ikitupwa katika nyumba ambayo rafiki yake naye ameshahama. Mwanao angeweza kuhukumiwa akiwa darasani bila habari, akaja kujua siku anapojaza fomu ya viza. Sheria inampa mtu wa namna hiyo nafasi ya kuapa mbele ya mahakama kwamba hakujua kuwapo kwa shauri, ili hukumu itenguliwe na lianze upya, lakini kiapo hicho chapaswa kutolewa ndani ya siku 21 tangu alipopata habari, na aliyetoa anwani isiyo yake atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini barua hazikumfikia.

Huenda binamu yako amesikia kwamba maelfu ya hukumu za nauli zilifutwa, na habari hiyo ni ya kweli, ila imesafiri ikapungukiwa. Mwezi wa Agosti 2024 Hakimu Mkuu wa England na Wales, Paul Goldspring, aliamua kwamba kampuni kadhaa za treni zilitumia utaratibu ule wa hakimu mmoja kwa mashtaka ya sheria ya 1889, ilhali sheria haikuwaruhusu kuutumia kwa makosa hayo. Hukumu takriban 74,000 zikawa batili. Kilichobatilishwa ni njia iliyotumika, na kosa lenyewe limebaki kama lilivyokuwa. Kampuni ikitaka kumshtaki mwanao kwa sheria hiyo bado inaweza kumwita katika mahakama ya wazi.

Nakiri kwamba mfumo wa nauli za huko wenyewe unawachanganya hata wenyeji. Vuli ya mwaka 2024 kijana mmoja aliyekuwa amehitimu karibuni alitishiwa kushtakiwa kwa tofauti ya pauni 1.90, kwa sababu kadi kama ya mwanao haitoi punguzo la kawaida kwa safari fupi za asubuhi: kuanzia saa 10:30 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, kuna kiwango cha chini cha nauli, isipokuwa mwezi wa Julai na Agosti. Kampuni ililiacha shauri lake baada ya malalamiko ya umma, serikali ikaagiza uchunguzi, na mnamo Juni 2025 Ofisi ya Reli na Barabara, ambayo ndiyo msimamizi wa reli huko, ilitoa ripoti iliyosema kwamba kanuni za tiketi ni tata na kwamba abiria waliokosea kwa namna moja hawatendewi kwa namna moja. Mwanao asiifanye habari hii kuwa utetezi wake, lakini anaweza kuomba kwa adabu kwamba kosa lake lipimwe kwa kadiri yake.

Barua yake na iwe fupi na ya unyenyekevu. Aeleze kadi ilivyokwisha na namna asivyotambua, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, akumbushe kwamba alijitolea kulipa pale pale, aonyeshe kwamba amekwisha kununua kadi mpya, aombe radhi, na aulize kama kampuni iko tayari kulimaliza jambo nje ya mahakama kwa yeye kulipa nauli kamili pamoja na gharama zao. Kampuni nyingi hukubali mapatano ya aina hiyo, hasa kwa kosa la kwanza, ingawa hailazimiki, na ombi hilo hupata uzito zaidi likija mapema. Akilipa kwa mapatano hakuna hukumu, na pasipo hukumu hakuna mkosaji katika kumbukumbu za mahakama. Asiandike kwa hasira na asinakili barua za kwenye mitandao, kwani wanaozisoma wamezisoma mara nyingi. Aitume kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokewa, na abaki na nakala.

Kuhusu viza, sheria za uhamiaji za Uingereza zinalazimisha maombi kukataliwa kwa mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi. Kwa adhabu ndogo kama faini afisa ana hiari, na hutazama uzito wa kosa na kama limerudiwa. Hukumu chini ya sheria ya 1889 kwa kukwepa nauli ni ya kosa lenye kifungo, kwa hiyo huingia katika kumbukumbu za polisi za taifa, na hata ikishahesabiwa kwamba muda wake umepita kwa ajili ya waajiri wengi, katika mambo ya uhamiaji bado hutakiwa kutajwa. Ndiyo sababu nasisitiza mapatano. Siku atakapojaza fomu nyingine, asome kila swali kama lilivyoandikwa na ajibu kama lilivyo, kwa kuwa kuficha hukumu ndogo kunaweza kumfungia mlango kwa miaka mingi kuliko hukumu yenyewe. Binti yako atapimwa kwa mwenendo wake mwenyewe. Faini ya kaka yake haiandikwi katika jina lake.

Yule wakala wa Mombasa usimpe hata shilingi moja. Jina la mwanao liko katika faili la kampuni ya treni iliyo maelfu ya kilomita kutoka kwake, na hakuna ofisi yoyote ya viza yenye mamlaka ya kulitoa humo. Zaidi ya hayo, akipewa pasipoti ya kijana na barua zile ataanza kuandika mambo kwa jina lake ambayo hamtayaona, na uongo wa wakala huhesabiwa kuwa wa mwombaji. Pesa hizo ziwekeni, kwa sababu kampuni ikikubali mapatano itataja kiasi kwa maandishi na kutoa siku chache za kulipa, na kulipa kwa wakati ndiko kunakolifunga jambo.

Mume wako aambiwe, dada yangu, na aambiwe na kijana mwenyewe kwa simu huku wewe ukiwa karibu. Amechangia masomo haya kama wewe, huenda akatakiwa kuchangia malipo, na ni vizuri asilisikie kwa binamu yako barazani. Kuhusu wajomba, hakuna haja kwa sasa. Mwambie kijana aanze kumsimulia baba yake ile habari ya anwani, kwani akiweza kuisema mbele yake kwa jibu moja lisilobadilika, ataweza kuisema mbele ya mshauri wa sheria kabla siku zile 9 hazijakwisha.